Magongo ya Ukutani

"Ukiyagusa yale magongo, humu ndani usirudi."

"Basi sirudi."

"Utaenda wapi na mguu huo?"

"Si unasema umepona? Mguu uliopona unaenda popote."

"Brayson, usinijibu hivyo."

"Nataka magongo yangu. Nilipewa hospitali, karatasi yake ninayo. Sikupewa madhabahuni."

"Ulishampa Mungu."

"Mungu ana shida gani ya miguu mpaka achukue magongo yangu?"

Hapo nikala kofi. La paja, la kushoto. Hata akiwa amepandwa na hasira, mama yangu anajua upande wa kupiga.

Alikuwa amepiga magoti mbele yangu, ananifunga kamba za raba. Ndivyo siku zetu zinavyoanza. Mimi nakaa juu ya viti viwili vya plastiki vilivyopandanishwa, maana kimoja ni kifupi na nyonga haitaki. Yeye anapiga magoti, ananivalisha soksi, ananivalisha viatu, kama mtoto wa chekechea. Nina miaka ishirini na tano na siwezi kuinama kufikia miguu yangu mwenyewe. Ndala nilikatazwa, zinaniangusha. Basi kila asubuhi mama anapiga magoti, na kila asubuhi tunagombana, na ugomvi ni ule ule.

"Kesho Jumapili yule mzee wa Kidete anakuja," akasema, haniangalii. "Anakuja kwa ajili yako. Utasimama mbele, utaongea kama ulivyoongea siku ile, utakaa. Dakika tano. Dakika tano tu huwezi kunivumilia?"

"Kusimama naweza. Kudanganya ndiyo nimechoka."

"Hukudanganya."

"Nilimeza vidonge viwili, mama. Ulinipa wewe, na chai."

Kiatu cha kushoto alikuwa ameshamaliza. Cha kulia alikuwa ameshika kamba mkononi. Akaziachia. Akainuka, akakung'uta kanga magotini, akabeba ndoo, akatoka.

Nikabaki nazitazama zile kamba. Ziko hapo chini, hazifiki hata mita moja kutoka mikononi mwangu, na ni kama ziko Dodoma.

Niseme ilivyokuwa, nisionekane namsema mama bure.

Mimi kukaa kulinishinda toka zamani. Shule niliacha kidato cha pili, siyo kwa ada wala utoro wa kihuni, ni kukaa tu. Mwalimu aliniambia benchi la shule linaniunguza, na hakukosea. Nikaingia kwenye bodaboda hapa Kimamba. Kilosa mjini nakupeleka, Rudewa nakupeleka, ukitaka Mikumi twende Mikumi, vumbi ama tope. Nilikuwa nikilala nasikia injini. Ukiniuliza nilikuwa na furaha lini, nakujibu hiyo.

Mikumi ndiko kulikoniharibia. Siyo kwa mwendo, maana watu wakisikia bodaboda kaumia wanajua ni mwendo. Abiria wangu nilikuwa nimeshamshusha salama. Nimekaa juu ya pikipiki nimezima, nakunywa maji, pembeni pale malori yanapolala. Semi likarudi nyuma. Maisha yangu yote nimekimbia, siku niliyotulia ndiyo nikagongwa.

Nyonga ya kulia. Kwanza wakaifunga na vyuma, mfupa ukagoma. Daktari akasema kichwa cha mfupa kimekufa, damu haifiki. Nikamwambia, kimekufaje na mimi nipo hai? Akasema inatokea. Dar es Salaam wakakikata, wakaweka cha chuma. Wodi nzima ilikuwa ya wazee, wakawa wananiita mjukuu. Na niseme ukweli: wale wazee wengi walipona. Kuna mmoja siku ya tano anatembea koridoni anapiga mluzi, manesi wanamfukuza arudi kitandani. Sikatai. Kile kitu kinaponya watu.

Mimi ndiyo hakijaniponya. Mwaka na miezi miwili sasa.

Yako maumivu ya aina mbili. La kwanza liko kwenye kinena, ndani kabisa. Nikiinuka kwenye kiti ni kama mtu anapigilia kabari ya kupasulia kuni, na lazima nisimame nimeng'ang'ania kitu mpaka limalize. La pili linashuka pajani mpaka gotini, linawaka, kama pilipili imepakwa chini ya ngozi pasipofika maji. La kwanza lina saa zake. La pili halina saa. Nikilala liko, nikicheka liko, na watu wakiniambia "pole, utazoea" linakuwepo vilevile. Kuna siku nilienda nikakaa relini pale karibu na stesheni, nikakaa muda mrefu. Aliyeniondoa ni mchunga mbuzi, alitaka mbuzi wake wapite. Sijawahi kumwambia mtu.

Hospitali wamepiga picha mara tatu, wamechukua damu, wamenikunja na kunikunjua. Daktari anainua ile picha kwenye mwanga anaitazama kama fundi anavyotazama ukuta wake. "Chuma kimekaa vizuri sana." Nikamwambia basi iambie hiyo picha itembee. Hakucheka.

Aliyeniambia maneno ya maana ni dada wa mazoezi kule Mikumi, anaitwa Jenipher. Akaniambia, "Brayson, picha haipigi maumivu. Wengi wakibadilishwa nyonga wanapona. Wachache wanabaki wanaumwa, na sababu yake mara nyingine hatuijui. Wewe uko kwenye wachache." Nikamuuliza yataisha lini. "Sitakudanganya. Yanaweza kupungua. Yanaweza yasiishe. Fanya mazoezi, meza dawa ulizoandikiwa na siyo zaidi, siku mbaya tembelea magongo. Magongo siyo aibu. Uko na magongo?"

Nikasema ninayo. Sikumwambia yako wapi.

Sasa hapa ndipo anapoingia baba mdogo Mashauri. Sisi ni Wasukuma, tulikuja huku na ng'ombe mimi niko mgongoni. Baba alishafariki, ukoo unaongozwa na baba mdogo, yuko Malolo na mifugo. Nilipolala hospitali na mfupa umegoma, alikuja nyumbani na wazee wenzake wanne. Akasema mguu huu siyo wa daktari, ni wa babu yetu aliyezikwa kule tulikotoka bila kufanyiwa mambo yake, anadai ng'ombe, lifanyike tambiko. Mama alikuwa anawapa maji ya kunawa. Akaliweka chini lile jagi, mwanamke mbele ya wanaume watano, akasema, "Mwanangu ni wa Yesu. Hakuna ng'ombe atakayechinjwa hapa kwa ajili ya mguu wake."

Baba mdogo hakugomba. Alinawa, akala, akasema, "Sawa, Limi. Tutamwona akitembea."

Toka siku hiyo mama yangu anaishi na hayo maneno.

Ikaja sikukuu ya mavuno pale kanisani kwetu, mwezi wa nne toka nipasuliwe. Baba mdogo mwenyewe alikuja, akakaa benchi la nyuma, kofia mkononi, yeye ambaye kanisani huwa haonekani. Mama asubuhi ile aliniletea chai na vidonge viwili vile vikali vya Dar, wakati cheti kinasema kimoja. Sikuuliza. Nilimeza. Tumefika, kinanda, ngoma, akina mama wanapiga vigelegele, na mimi nimesimama na magongo yangu, ghafla nasikia kimya. Siyo kimya cha kanisani, mguuni. Toka Mikumi ilikuwa mara ya kwanza. Nikasubiri maumivu, hayaji. Nikakanyaga, hayaji. Mchungaji Yared ananyoosha mkono kwangu anasema, "Kijana, una neno?" Na mimi nilikuwa nalo! Wallahi nililiamini. Nikatupa magongo, nikaruka mara tatu mbele ya watu mia mbili. Mama alianguka chini akilia. Nikamtazama baba mdogo, akavaa kofia akatoka.

Saa nane mchana dawa ikaisha.

Magongo mchungaji akayapigilia misumari ukutani, upande wa kulia wa madhabahu, juu, kila mtu ayaone. Siyo mtu mbaya Yared. Anakuja kunijulia hali, anabeba sukari. Nilimwambia siku moja kwamba bado naumwa, akanishika bega, akasema, "Ushuhuda ni wa Bwana, siyo wako. Shetani anataka uurudishe." Sasa mtu unamjibu nini hapo?

Nikachonga fimbo ya kutembelea. Mama akaitia motoni, akapikia ugali. Nikachonga nyingine, nayo akaipikia maharage. Tuna miezi kumi hivyo. Nje natembea wima, meno nimeyabana, nasalimia watu. Ndani mama ananikanda kwa maji ya moto, na haulizi kitu, na mimi sisemi kitu. Na watu wanakuja toka vijiji huko kuyaona magongo. Wengine wanayagusa. Mimi mwenye mguu siyagusi.

Siku hiyo ya Jumamosi nilisema leo hapana. Kabla mzee wa Kidete hajafika, magongo yatakuwa kwangu. Wakitaka waniite mwongo, nitakuwa mwongo mwenye kitu cha kuegemea.

Nikampigia Kelvin. Alikuja na pikipiki ambayo zamani ilikuwa yangu, mimi huwa naitazama tenki tu, siitazami yote. Kupanda kama mwanaume siwezi, mguu haupanuki. Nakaa upande, miguu yote kushoto, kama mama anayekwenda kliniki.

"Kamba hiyo itaingia kwenye cheni," Kelvin akasema.

"Isokomeze ndani."

"Si nikufunge?"

"Unifunge viatu wewe? Nani kakuoa?"

Akacheka, akaisokomeza ndani ya raba kwa kidole. Tukaondoka. Pale kijiweni stesheni walituona toka mbali.

"Oya, bibi harusi huyo kapita!"

"Kelvin, mahari ulitoa lini?"

Hussein, yule mwenye mdomo kuliko wote, akasimama kwenye pedeli. "Mtumishi! Mtumishi wa Mungu! Tuombee na sisi basi, mafuta yashuke!"

Nikawapungia mkono kama mheshimiwa. Wakafurahi kinoma. Hakuna hata mmoja wao anayejua, isipokuwa Kelvin, na Kelvin akifika kwenye tuta anapunguza mpaka injini inataka kuzima.

"Umeamua kweli?" akaniuliza tukifika kanisani.

"Nimeamua."

"Mama Limi atakuua."

"Asubuhi alishaanza. Nisubiri pale barabarani."

Kutoka barabarani mpaka mlangoni ni hatua sitini na mbili. Nazijua. Jumamosi kanisa huwa wazi, akina mama wanakuja kufagia kwa zamu. Nilitegemea kukuta viti vitupu na ngazi ya fundi, nipande, hapana, siwezi kupanda, nilikuwa sijafikiria hata hilo. Nimekuja kuchukua kitu kilichopigiliwa misumari juu ya kichwa changu, nami nina mguu mmoja. Ndivyo nilivyo.

Ndani nikakuta watu wawili. Mzee mrefu, koti la kaki, amesimama chini ya magongo ameegemea fimbo, na dada wa kama miaka thelathini amekaa benchi la mbele na kikapu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana. Wewe ndiye unayefagia hapa?"

"Hapana, mzee. Nimepita tu."

"Sisi tumetoka Kidete. Tumetangulia leo, kesho tungechelewa ibada." Akageukia tena ukutani. Alikuwa anayatazama magongo kuanzia mpira wa chini mpaka juu, taratibu, akiinamisha kichwa. "Mimi naitwa Ditram. Nilikuwa genge la reli miaka ishirini na nane, kila mwaka mto Mkondoa unabeba tuta na sisi tunalirudisha. Nyonga imekwisha. Inasagana, usiku ukinyamaza utaisikia."

"Baba, kaa basi," yule dada akasema.

"Kukaa kunaniuma, Editha." Akaniangalia. "Nimepewa tarehe Dar, mwezi ujao. Wanataka kukata waweke chuma. Naogopa, kijana, sikufichi. Nikasema kabla sijakatwa nimwone kwanza huyu aliyeyaacha haya. Nimtazame machoni. Mimi nimeumwa miaka sita, mtu anayeumwa namjua machoni."

Na akawa ananitazama. Nilitaka nigeuze uso, nikachelewa. Nilikuwa nimeshika mgongo wa benchi kwa mikono miwili, na lile la kinena lilikuwa limeanza toka nishuke kwenye pikipiki, sikuwa nimevuta pumzi vizuri toka mlangoni.

"Unaitwa nani?" akauliza polepole.

"Brayson."

Editha akaruka. "Ndiye huyu, baba! Ndiye mwenyewe! Bwana asifiwe, kaka! Tumekusikia mpaka Kidete!"

Mzee hakuruka. "Kijana, mguu unauma?"

Dakika hiyo ningeweza kusema hapana. Neno moja, na mama yangu angekaa kwa amani, na mzee angeenda Dar kifua mbele, pengine akapona kama wale wazee wengine. Nilishasema uongo mkubwa kuliko huo pale pale nilipokuwa nimesimama.

"Unauma."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

"Toka lini?"

"Haujawahi kuacha. Siku ile sikusikia maumivu kwa muda wa kama saa tano hivi. Nilikuwa nimemeza dawa."

Editha alikuwa amesimama mdomo wazi, mkono bado hewani wa kunisalimia. "Sasa ulikuwa unaruka nini?" akasema. Sauti ilitoka ndogo, ikapanda. "Ulikuwa unaruka nini hapa? Baba yangu amekuja amefunga siku tatu kwa ajili yako! Nimemvusha mto huyu, nimembeba kwenye maji, mimi mwanamke, aje amwone mtu aliyepona! Wewe una baba?"

"Sina."

"Ndiyo maana!"

"Editha," mzee akasema.

"Mzee, nisikilize," nikasema. "Nenda Dar. Nakuambia ukweli wa Mungu, nenda. Wodi niliyolala, wengi walipona. Niliwaona kwa macho yangu, wenye umri wako, wanatembea. Mimi ni wa wale wachache, hata dada wa mazoezi kasema. Usiniangalie mimi."

Ditram akatikisa kichwa, siyo kwa hasira. Ningetaka awe na hasira.

"Siku ile ulisema umepona, na ulikuwa unaumwa," akasema. "Leo unasema nitapona. Nikuamini kwa lipi, mwanangu?"

Mzee akaingiza mkono kwenye koti akatoa bahasha ya hospitali, ile ya kaki, akaitazama, akaikunja mara mbili, akampa Editha. Editha akaisukumiza chini ya kikapu, chini kabisa, chini ya mahindi.

Tulipogeuka, mama alikuwa mlangoni. Ndoo na fagio. Nilisahau kabisa kuwa Jumamosi hii ilikuwa zamu yake. Amesimama muda gani, sijui, lakini maji kwenye ndoo yalikuwa yametulia.

Mzee Ditram akaanza kutoka, fimbo, mguu, fimbo, mguu. Mama akaweka ndoo chini, akapiga magoti pale pale kizingitini kama wanawake wa kwetu wanavyosalimia wakubwa, hata siku kama hiyo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama." Akasimama mbele yake. "Huyu ni wako?"

"Ni wangu."

"Mwanao anaumwa, mama."

"Najua," mama akasema.

Miezi kumi nilikuwa nalisubiri neno hilo. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, kwa mate, kwa kofi lingine. Nilifikiri akishalisema nitapumua. Alilisema kwa mgeni, akiwa magotini, anatazama sakafu. Alikuwa anajua. Kila nilipobana meno kwenye salamu alikuwa anayasikia. Kila fimbo aliyoitia kwenye moto aliitia anajua.

Editha alipita bila kuniaga. Nikawasikia nje, mzee anapumua kwa kishindo kwenye ngazi mbili za kanisa, bintiye anamwambia, "Nishike, baba, nishike." Kisha hawasikiki.

"Mama," nikasema.

Akavuta benchi la mbele mpaka ukutani, miguu ya benchi inalia kwenye sementi. Akavua ndala, akapanda. Ana miaka hamsini na sita. Akashika gongo la kwanza kwa mikono miwili akalivuta, halitoki. Akalizungusha. Msumari ukang'oka na kipande cha plasta, vumbi likamwangukia kwenye kilemba. La pili lilitoka haraka. Akashuka. Kwenye rangi ya ukuta pakabaki alama mbili safi, pembeni pamechakaa kwa vidole vya watu.

Akayaleta. Sikumwomba, akayaweka yeye, moja kwapani kulia, moja kwapani kushoto, kama alivyofanya siku ya kwanza nilipotoka Dar. Nikaegemea. Uzito ukatoka mguuni, nikatoa sauti, sikuikusudia, sauti ya ng'ombe. Akaisikia. Uso wake ukakaza.

"Mashauri nitamwambia mwenyewe," akasema. "Atataka ng'ombe wake. Sijui nitamwambia Mungu amefanya nini."

"Mama, siyo kosa lako."

"Nilikupa vidonge viwili."

"Mama..."

"Cheti kilisema kimoja. Kusoma najua, Brayson. Nilitaka Mashauri aone. Nilitaka mara moja tu aone."

Nikasogea hatua moja kumfuata, nikataka hata nimshike bega, lakini ukiwa na magongo huna mkono wa kumshikia mtu. Kamba ya raba ya kulia ilikuwa imetoka kwenye kiatu, nikaikanyaga na mpira wa gongo, nikayumba. Akainua mikono haraka kunidaka. Sikuanguka. Mikono yake ikabaki hapo hewani kati yetu, halafu akaishusha.

Akaitazama ile kamba. Ililala sakafuni, ndefu, imeshika vumbi la plasta. Magoti yake yalianza kukunjika kidogo, niliyaona, kanga ilisogea. Nikasogeza mguu mbele, kama kila asubuhi.

"Kamba, mama," nikasema.

Akanyoosha magoti. Akatafuta ndala zake kwa vidole vya miguu, akazivaa, ndoo akaiacha na maji yake. Akageuka, akashuka zile ngazi mbili, akaenda.